Mama alikuwa anameza dawa ileile ya presha kwa majina mawili. Makosa haya huanzia wapi?

Mtoto_wa_Kihonda:
Habari za jioni wakuu. Naomba msaada, hasa kwa mliosomea mambo ya dawa.

Mama yangu ana miaka 67, anaishi Morogoro, ana presha ya siku nyingi na sukari. Kliniki wanampa amlodipine ya miligramu 10, anameza moja kila usiku. Alipokuja kwangu Dar akalalamika kichwa, nikampeleka hospitali binafsi. Presha ikakutwa iko juu, akaandikiwa dawa nyingine, boksi zuri lenye jina la kampuni kwa herufi kubwa. Akarudi nyumbani na dawa zote mbili.

Baada ya muda miguu ikaanza kuvimba, viatu haviingii. Akiinuka kitini anapata kizunguzungu. Majirani wakasema ni figo, dada yangu akawa analia kwenye simu. Nilipoenda kumwona nikachukua lile boksi nikasoma maandishi madogo chini ya jina: losartan 50, amlodipine 5. Ni amlodipine ileile! Mama alikuwa anameza miligramu 15 kwa siku.

Tumesharudi kliniki, wamempangia upya dawa na miguu imeanza kunywea. Sitafuti mtu wa kumshtaki. Nataka kuelewa tu: kuna daktari wa kliniki, daktari wa Dar na aliyetoa dawa dirishani, wote wamesoma. Ilipitaje hapo pote? Na niangalie nini kingine, maana kikopo cha mama kina dawa za kila aina.

Nesi_wa_Wodini:
Pole sana ndugu, na mpe mama pole. Mimi ni muuguzi, naomba nikueleze upande wetu wa wodini, wenzangu wa famasi watakuja na wa kwao.

Shuleni tunafundishwa kuhakikisha mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi na wakati sahihi. Hakuna muuguzi asiyeyajua hayo. Sasa mweke muuguzi mmoja usiku kwenye wodi iliyojaa, ndugu wanamwita huku, dripu imeisha kule, daktari anampa maagizo kwa simu, halafu mtu anamsemesha wakati anavuta dawa kwenye bomba. Hapo kwenye kusemeshwa ndipo ninapopaogopa kuliko pote. Mkiona nesi anachanganya dawa, tafadhali msubiri amalize ndipo mumwulize.

Kingine ni insulini. Daktari akiandika 10 akaifuatisha na herufi U kwa haraka, ile U inasomeka kama sifuri, na kumi inakuwa mia. Tena bomba la insulini likikosekana mtu akatumia la kawaida, mililita moja tu ni yuniti 100. Ndiyo maana nasisitiza neno "yuniti" liandikwe lote, na dozi ihakikiwe na watu wawili. Hata potasiamu ya ampuli haitakiwi kukaa rafu moja na maji ya sindano, kwa sababu ikichomwa moja kwa moja kwenye mshipa inasimamisha moyo.

Famasi_Mwanjelwa:
Mtoto wa Kihonda, umefanya jambo kubwa kusoma yale maandishi madogo. Mimi ni mfamasia, kwa hiyo nitakaa zaidi kwenye dirisha la dawa.

Umeuliza ilipitaje hapo pote. Ilipita kwa sababu hakuna hata mmoja aliyeona dawa zote kwa pamoja. Daktari wa kliniki aliona daftari la kliniki. Daktari wa Dar aliona presha ya siku ile, na mama akiulizwa anatumia nini, bila shaka alisema "dawa ya presha, kidonge cheupe kidogo". Aliyetoa dawa aliona cheti kimoja chenye dawa halali na dozi halali. Kila mmoja kwa nafasi yake hakuona kasoro. Amlodipine kwa kawaida haivuki miligramu 10 kwa siku, na kuvimba miguu ni tabia yake inayojulikana, inazidi kadiri dozi inavyopanda. Lakini hesabu ya 10 na 5 ilikuwa inakutana mdomoni mwa mama peke yake.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani lilianzisha kampeni ya kupunguza kwa nusu madhara makubwa ya dawa yanayoepukika, na likataja maeneo matatu ya kutiliwa mkazo: mazingira ya hatari kama aliyoyaeleza Nesi, mgonjwa mwenye dawa nyingi, na mgonjwa anapohama kutoka mtoa huduma mmoja kwenda mwingine. Mama yako yumo katika mawili ya mwisho.

Majina nayo yanatuponza. Carbamazepine ni ya kifafa, carbimazole ni ya tezi la shingo. Chlorpropamide inashusha sukari, chlorpromazine ni ya magonjwa ya akili. Ongeza mwandiko wa haraka na rafu iliyopangwa kwa alfabeti, dawa hizi zinakaa bega kwa bega. Mimi nazitenganisha, hata kama mkaguzi ataona rafu haina mpangilio.

Halafu kuna vipimo. Paracetamol ya watoto ya maji, ile ya kawaida, mililita 5 zina miligramu 120. Ile ya matone, mililita MOJA ina 100. Mzazi aliyezoea kijiko akipimia matone kwa kijiko kilekile, mtoto amepata miligramu 500. Naumia sana nikiona chupa ya matone inatolewa bila mtu kumwonyesha mama mtoto kile kidropa chake. Na methotrexate ya viungo humezwa mara moja kwa WIKI. Mgonjwa akizoea kwamba dawa zote ni za kila siku, ile inaweza kumuua.

Kwa mama: mwaga kikopo chote kwenye mfuko mmoja, pamoja na dawa za kienyeji na za dukani, uende nao kliniki. Usiende na orodha ya kichwani. Halafu nijibu hili: anameza kitu chochote cha maumivu?

Mtoto_wa_Kihonda:
Asanteni sana, Mungu awabariki. Famasi, nimempigia mama sasa hivi. Anasema kuna "diclo" za mgongo, ananunua duka la dawa pale karibu, anameza asubuhi na jioni. Alianza kabla ya kuja Dar. Hakuwahi kumwambia daktari kwa sababu anasema hiyo si dawa ya kliniki.

Famasi_Mwanjelwa:
Nilikuwa naihofia hiyo. Diclofenac inaweza kupandisha presha na kupunguza nguvu ya dawa za presha. Kwa hiyo huenda presha aliyokutwa nayo Dar ilisukumwa na diclo, akaongezewa dawa, dawa ikavimbisha miguu. Angefika kwa daktari wa tatu na ile miguu, huenda angeandikiwa na ya kukojoza maji. Hivyo ndivyo kikopo kinavyojaa.

Hizo diclo aziache kwanza mpaka aonwe, hasa kama bado yuko kwenye losartan, maana mbili hizo zikikutana figo za mtu wa umri wake zinaelemewa. Kwa mgongo anaweza kutumia paracetamol kwa dozi ya kawaida. Za presha na za sukari asiguse, aendelee kama kliniki walivyompangia. Waeleze alianza diclo lini, waombe wapime figo na wapime presha upya akiwa ameziacha. Mwombe pia mfamasia wa kliniki ajaze ile fomu ya njano ya TMDA (mamlaka ya dawa) ya kuripoti madhara ya dawa, aeleze miguu kuvimba, ipo vituoni na haimgharimu mgonjwa chochote.

Na pale duka la dawa karibu na nyumbani, pitia uwaambie kwamba mama ana presha na sukari. Wakimjua hawatampa tena diclo bila kumwuliza.

Mtoto_wa_Kihonda:
Jumatatu tunaenda na mfuko mzima. Dada atapitia pale dukani kesho asubuhi.