Dirisha la jikoni kwa Khalati (kikundi cha Ukoo wa Bi Mkubwa)

Khalati Rukia (London): Assalaam alaykum. Haya oneni. Nyuma ya jiko langu, pale palipokuwa na gereji, linakuja jengo la ghorofa sita 😩 [picha]

Khalati Rukia: Mjenzi kaniletea barua. Ananipa pauni elfu tatu nitie saini, nimalizane naye.

Ami Hamad: Waalaykum salaam. Chukua! Utanunua taa na chenji ibaki.

Mwanahawa: 😂😂 Ami jamani

Salum (Dar): Shikamoo Khalati. Usitie saini kwanza. Hapo hawajaandika kwamba unaachia haki ya mwanga?

Khalati Rukia: Marahaba mwanangu. Wameandika hivyo hivyo. Lakini si halmashauri imeshawapa kibali?

Salum: Kibali mbali, hiyo haki mbali. Huko England dirisha likipata mwanga miaka 20 mfululizo linakuwa na haki yake. Sheria ya 1832 na bado inatumika. Jiko ulilikuta au ulilijenga?

Khalati Rukia: Nililikuta. Nyumba ya zamani, nimeinunua 2009.

Salum: Basi uko sawa. Miaka ni ya dirisha, si ya mwenye nyumba.

Ami Hamad: Kumbe dirisha lina haki kuliko mpangaji

Khalati Rukia: Na paneli zangu za sola? Na mchicha wangu uani?

Salum: Hapo pole. Ni mwanga wa dirishani tu, wala si jua lenyewe. Japani ndio wanaohesabu jua. Tangu 1976 sheria yao ya majengo inapima kivuli siku ile fupi ya Desemba, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi jioni. Mtaa wa makazi, jengo refu lisimtie jirani kivuli kupita saa zilizowekwa.

Bi Mkubwa: 🎤 (sauti, Mwanahawa kaandika) "Wallahi mnanishangaza. Huku Mji Mkongwe wazee walibana vichochoro ili jua lisitupate, nyinyi mnaligombania mahakamani!"

Ami Hamad: 🤣🤣🤣

Khalati Rukia: Mama njoo Januari huku uone. Salum, nikikataa itakuwaje?

Salum: Mahakama inaweza kumzuia asijenge, au akulipe fidia. Ila si kila kivuli kina kesi. Kuna hukumu ya 1904, haiulizi umepoteza kiasi gani, inauliza mwanga uliobaki unatosha matumizi ya kawaida? Wapo wapimaji wa kazi hiyo. Na mjenzi wako kashapima, ndiyo maana kaja na hela mwenyewe.

Mwanahawa: Eeeh hapo umenena

Salum: Na wakikuletea notisi ya "ukuta" wa kwenye karatasi, unaohesabiwa kama umeziba dirisha lako kweli, usiitie kabatini. Ukinyamaza mwaka mzima hiyo miaka 20 imekatika. Zamani walikuwa wanasimamisha mbao kweli mbele ya dirisha la mtu, sheria ya 1959 ikaleta karatasi badala yake.

Ami Hamad: Waingereza hao 🙌

Mwanahawa: Samahanini, mchango wa harusi ya Asha mwisho Ijumaa 🙏

Salum: Khalati toa hati ya nyumba. Angalia kama mwenyewe wa zamani aliandikiana na jirani kuhusu madirisha. Mwanga wa ruhusa ya maandishi hauhesabiwi.

Khalati Rukia: [picha] Ukurasa wa nne huo, kuna mambo ya jirani.

Salum: Hiyo ni uzio na mfereji. Madirisha siyaoni. Mpe wakili aisome yote, na utafute mpimaji wako, si wa mjenzi.

Khalati Rukia: Nimlipe na nini mie?

Salum: Mdai mjenzi alipe gharama za mpimaji wako. Wengi hukubali, wanataka yaishe.

Ami Hamad: Elfu tatu usikubali. Anzia kumi.

Khalati Rukia: Si wewe uliyesema nichukue??

Mwanahawa: Ami, na mchango wako bado sijauona.