Wakuu, hizi kodi na mikopo ni maendeleo au ni namna ya kutufanya tukae kimya?

Chalii_wa_Mbauda

Wakuu habari za jioni. Mi nina kiduka cha vifaa vya umeme hapa Mbauda, na nimepanga chumba na sebule. Juzi nimenunua umeme wa elfu tano, token imekuja naona units kiduchu, kushuka chini nakuta kodi ya jengo imekatwa ya miezi miwili, elfu tatu imeondoka, kisa mwezi uliopita hatukununua. Sasa mimi jengo langu liko wapi? Nampigia mwenye nyumba ananijibu kwani mita anatumia nani, akakata simu.

Wiki hiyohiyo nimeletewa barua ya makadirio ya kodi ya duka, imenizidi kimo. Nyumbani napo wife yupo kwenye kikundi cha mikopo, kila Jumanne marejesho, Jumatatu jioni kwetu hakuna anayeongea na mwenzake.

Nikawa nawaza tu dukani, hivi hii si imepangwa kabisa? Kwamba mtu akiwa anadaiwa huku na huku hana muda wa kwenda kwenye mkutano wa mtaa kuuliza barabara yetu imeishia wapi, anawaza Jumanne tu. Serikali ikitaka watu wasisumbue si inawaacha tu na kodi na madeni? Au ni njaa ndo inanifanya niwaze hivi, wenye uelewa nisaidieni.

---

mangi_mstaafu

Kijana hujachanganyikiwa, ila jambo hili ni la zamani kuliko unavyodhani. Mjerumani alipoleta kodi ya nyumba, ordinansi ilitoka 1897 wakati wa Gavana Liebert, rupia 3 kwa nyumba ya kawaida ya kijijini, shida yake haikuwa rupia peke yake. Alikuwa na mashamba na hana watu wa kuyalima, mtu ana ndizi zake, ana ng'ombe, ana kihamba, yaani shamba la ukoo, aende kwa mzungu kufanya nini? Ukimwambia alete hela na hela zipo kwa mzungu tu, basi atakwenda mwenyewe kwa miguu yake. Mwanzo uliweza kulipa kwa mazao au kwa kufanya kazi, baadaye wakakaza wakataka hela taslimu. Kule Usambara wakaongeza na kipande, kadi ya kazi, siku 30 kila miezi minne lazima uzimalize kwa mzungu, usipomaliza unapelekwa kazi za serikali.

Sasa sikiliza huku kwetu Uchagani. Kahawa ilipokubali, watu wakapata hela ya kodi bila kutoka kwenye vihamba vyao. Masetla wa Moshi na Arusha hawakupenda kabisa, wakapiga kelele Mwafrika asilime kahawa, wanakwambia magonjwa yatasambaa mashambani mwao, lakini kila mtu alijua wanalilia vibarua. Ndo maana 1925 wakulima wakaunda KNPA, chama chao cha kahawa, ambayo baadaye ikazaa KNCU, chama cha ushirika cha Kilimanjaro. Kwa hiyo kodi ilikuwa ileile, ila mwenye kahawa alilipa akarudi nyumbani kwake, na asiye nayo akaenda kuwa manamba, kibarua wa mkataba, kwenye mkonge. Kwangu mimi hilo ndo la kutazama, hela ya kulipa unaitoa wapi na nani anakupangia uitoe wapi.

Na usidhani chama chetu wenyewe kilikuwa malaika, 1937 kulikuwa na fujo kubwa mlimani kwa sababu ya kulazimishwa kuuza kupitia hukohuko.

---

Mama_Pasua

Mangi shikamoo, umenikumbusha baba yangu. Mi nakumbuka kodi ya maendeleo ile iliyofutwa 2003. Mgambo walikuwa wanakuja alfajiri, wanaume wanalala migombani, ukikamatwa njiani huna risiti unafungwa kamba na wenzako mnatembezwa mpaka ofisini. Ilikuwa aibu. Lakini watu walikuwa na hasira na walikuwa wanamjua wa kumkasirikia. Siku hizi nani anakimbia? Imeingia kwenye umeme, kwenye sabuni, kwenye vocha. Hakuna mgambo na hakuna kelele.

---

kibonde wa unga ltd

kwahiyo mama unataka mgambo warudi 😂😂

---

Mama_Pasua

Sitaki warudi mwanangu, nasema tu alfajiri ile tulikuwa tunajua tunatozwa.

---

Mwalimu_Dablrodi

Naungana na mama ila naongezea. Angalieni tozo za miamala zilizoanza Julai 2021. Kwa nini zilipigiwa kelele kuliko kodi zote? Kwa sababu zilikuwa zinaandikwa kwenye meseji, unatuma elfu hamsini kwa mama kijijini unaona kabisa mstari wa tozo. Septemba mwaka huohuo zikapunguzwa asilimia 30, mwaka uliofuata zikapunguzwa tena. VAT ya asilimia 18 ipo miaka yote kwenye kila kitu kinachotozwa VAT unachonunua na hujawahi kusikia mtu wa Majengo anaipigia kelele. Ya nyumba ipo kwenye token, ilianza na buku kwa mwezi Agosti 2021, toka 2023 ni buku jero, na ya ghorofa elfu saba mia tano kwa kila floo, na mlipaji mara nyingi ni mpangaji kama ulivyosema. Ukimdai mwenye nyumba akukate kwenye pango ni haki yako maana kodi ni ya mwenye jengo, ila wangapi wanathubutu, pango lenyewe unaogopa lipande.

Kuhusu madeni mimi siamini kuna mtu amekaa ofisini akapanga. Sihitaji kuamini hivyo. Mimi ni mwalimu, nakwambia ninachokiona staff room. Sheria inasema makato yasimalize mshahara wote, lazima moja ya tatu ibaki, sasa mwalimu akishagusa moja ya tatu benki hawamkopeshi tena, anakwenda kwa watu wa mtaani. Hao wa mtaani dhamana yao ni kadi yako ya ATM na namba ya siri. Siku mshahara ukiingia nenda kwenye mashine asubuhi, utamkuta jamaa mmoja ana bunda la kadi limefungwa rababendi, anaingiza moja anatoa, anaingiza nyingine, foleni nyuma yake ndefu na humo kwenye foleni wapo wenye kadi wenyewe wanamsubiri awape kilichobaki. Nimeona hilo kwa macho yangu, na mmoja aliyekuwa anasubiri alikuwa mwalimu aliyenifundisha hesabu.

Sasa mtu kama huyo kwenye kikao akiambiwa madai ya malimbikizo yasubiri, atasimama aseme nini? Anaogopa uhamisho, anaogopa kila kitu. Hakuna aliyemnyamazisha.

---

kibonde wa unga ltd

mwl hapo kwenye rababendi nimecheka halafu nimekumbuka kadi yangu ipo kwa nani

---

Hesabu_za_Mtaa

Mimi kazi yangu ni kuwaandalia wafanyabiashara vitabu hapa mjini, naomba niongee kikavu kidogo. Mleta mada unachanganya vitu viwili. Kodi huwezi kuwa na serikali bila hiyo, na Katiba ibara ya 138 inasema hakuna kodi ya aina yoyote bila sheria ya Bunge, kwa hiyo ukionewa una pa kusimama. Mkopo wa kausha damu, huu wa mtaani wenye riba kubwa, hauna hata pa kusimama. Benki Kuu (BoT) iliweka kikomo cha riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi kwa taasisi ndogo zenye leseni, sasa muulize mkeo wanachukua ngapi kwa wiki. Novemba 2024 BoT hiyohiyo ilitoa orodha ya programu 69 za mikopo zisizo na leseni, zile zinazotuma meseji kwa shemeji yako na mchungaji wako kwamba umekimbia deni. Kama serikali ingetaka kutudhibiti kwa madeni isingezifungia.

Halafu kwa duka dogo, kwa viwango vilivyoanza 2019, mauzo yasiyozidi milioni 4 kwa mwaka hulipi. Ukiuza milioni 5 na huna kumbukumbu unalipa laki moja, ukiwa na kumbukumbu unalipa asilimia 3 ya kile kilichozidi milioni 4, yani elfu thelathini. Tofauti elfu sabini, na kinachotakiwa ni daftari tu.

---

mangi_mstaafu

Mhasibu unaongea vizuri ila deni si la mtu mmojammoja tu. Azimio la Arusha la 1967, hapahapa mjini kwenu, lilisema wazi kwamba mikopo ya nje inaweza kuhatarisha uhuru, na kwamba inayotumika mjini inakuja kulipwa na mkulima. Ripoti ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ilisema deni la serikali lilikuwa trilioni 97.35 Juni 2024, mwaka kabla yake lilikuwa 82.25. Mpangaji wa Mbauda hakusaini popote lakini yumo humo kwenye buku jero yake. Mimi sisemi lisikopwe, reli na mabwawa hayajengwi kwa harambee. Nasema serikali inayodaiwa inakuwa na haraka ya hela kama wewe Jumatatu jioni, na mwenye haraka anakamata wa karibu, na wa karibu ni mwenye mita na mwenye simu.

---

Hesabu_za_Mtaa

Hapo sikupingi mzee.

---

Chalii_wa_Mbauda

Wakuu nashukuru sana, mangi na mama shikamooni. Wife nimemsomea hiyo ya asilimia 3.5 kakaa kimya halafu akaenda kutafuta kitabu chake cha marejesho, tumepiga hesabu nisiseme ni ngapi maana mtanicheka.

Hesabu_za_Mtaa naomba nikuulize, hii barua ya makadirio nikienda kuwaambia siyo kweli si ndo watanifungia duka? Jirani yangu ananiambia we lipa tu yaishe, ukibishana mwaka kesho wanakuongezea.

---

Hesabu_za_Mtaa

Jirani yako ndo anafanya kazi ya mgambo bila mshahara. Sheria ya usimamizi wa kodi ya 2015 inakupa siku 30 toka ulipopokea hiyo barua kuweka pingamizi kwa maandishi. Shida moja, na hapa wengi ndo wanakwama, pingamizi halipokelewi mpaka ulipe kile usichobishania au theluthi moja ya walichokadiria, yoyote iliyo kubwa. Unaweza kuomba upunguziwe hiyo theluthi kama una sababu ya maana, ila na hilo liombe ndani ya muda. Wakikukatalia kuna Bodi ya Rufaa za Kodi.

Beba risiti zote ulizonunulia mzigo, daftari la mauzo kama lipo, na meseji za miamala. Barua uliipokea tarehe ngapi?

---

Chalii_wa_Mbauda

Tarehe 9, nilisaini mwenyewe. Daftari lipo ila limeandikwa na kijana wa dukani, kuna siku ameruka.

---

Hesabu_za_Mtaa

Njoo nalo hivyohivyo, usijaze hizo siku alizoruka. Nakutumia namba pm.