Mtoto wa siku arobaini amemkosea nani?

*Kikundi: Ukoo wa Nyanya, Kaimosi*
*Jumatano jioni*

Faith, Kisumu: Hamjambo wote. Ubatizo wa mtoto ni Jumapili wiki ijayo, misa ya pili, hapa parokiani. Mama mkwe ameshashona kanzu nyeupe. Naomba mniambie nani anakuja ili tupange chakula na nauli ya Nyanya.

Senje (Shangazi) Debora: Hongereni wanangu. Nitakuja. Lakini nauliza kwa upendo: mtoto ana siku arobaini na mbili, mnamwondolea dhambi gani? Sisi Wasabato tunamweka mtoto wakfu, tunamwombea, tunamlea. Siku akijua mema na mabaya anaingia majini kwa miguu yake.

Musa (kwa Nyanya): Nyanya yuko hapa jikoni, nimemsomea. Anasema nimwandikie hivi: amezaa watoto tisa, wote wamekulia Kanisa la Marafiki, hakuna aliyetiwa maji kichwani. Anauliza, huyu mtoto amemkosea nani?

Ouma (Baba Toto): Nyanya, salamu zangu za heshima. Senje pia. Mtoto hajamkosea mtu, na Kanisa halisemi amekosa. Tunaiita dhambi ya asili, lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya 1992 inaeleza kwamba ni dhambi iliyopokewa, si iliyotendwa. Kinachopungua kwa mtoto ni ile neema ambayo Adamu aliipoteza. Ni kama mzee aliyeuza shamba lote la ukoo. Wajukuu hawakutia sahihi popote, lakini wanazaliwa hawana pa kulima.

Senje Debora: Huo mfano wa shamba naukubali, mkwe. Tunazaliwa na moyo ulioelemea upande wa maovu, hilo hata kwetu tunafundishwa. Ila mjukuu wa aliyeuza shamba anakosa shamba tu, hapelekwi jela. Ezekieli 18:20, "mwana hatauchukua uovu wa baba yake." Hakuna pa kulipitisha neno hilo pembeni.

Musa: Na Daudi je, Senje? Zaburi 51, "mama yangu alinichukua mimba hatiani."

Senje Debora: Daudi alikuwa analilia dhambi yake na Bathsheba, mwanangu. Mtu akilia namna ile anajiona ameoza tangu tumboni. Huo ni wimbo wa toba, haikuwa hukumu ya watoto wachanga.

Shemeji Yohana, Bunyore: Naomba niingie. Sisi Waorthodoksi tunabatiza watoto, tena tunawazamisha mara tatu, tunawapaka mafuta matakatifu na kuwapa Komunyo siku hiyo hiyo. Lakini hatusemi wamerithi hatia ya Adamu. Tunachorithi ni mauti, na udhaifu unaokuja na mauti: woga, tamaa, kujipendelea. Kristo alifufuka kuishinda mauti, kwa hiyo tunamtia mtoto ndani ya ufufuko huo mapema. Mbona umngojeshe nje ya mlango?

Faith: Kumbe mtu anaweza kubatiza mtoto bila kumwona mwenye hatia. Hilo sikulijua.

Baba Petro, Nakuru: Poleni, nilikuwa nasahihisha mitihani. Wanangu, mgogoro huu una mizizi mirefu, na sehemu kubwa imekaa juu ya maneno machache ya Warumi 5:12. Fungueni Biblia zenu za Kiswahili. Mauti iliwafikia watu wote "kwa sababu wote wamefanya dhambi." Ndivyo Kigiriki kinavyosomwa na wengi. Lakini tafsiri ya Kilatini aliyokuwa nayo Agostino ilisomeka "ambaye ndani yake wote walitenda dhambi," naye akaelewa huyo ni Adamu. Yaani sote tulikuwa ndani ya Adamu siku ile. Waorthodoksi walibaki na Kigiriki chao, ndiyo maana Shemeji anaongea alivyoongea.

Na msisahau Agostino alikuwa wa bara letu. Alikuwa askofu wa Hippo, mji unaoitwa leo Annaba, Algeria. Alibishana na Pelagio, mtawa kutoka Uingereza, aliyefundisha kwamba Adamu alijidhuru mwenyewe na sisi alituachia mfano mbaya tu. Agostino akauliza: kama ni hivyo, kwa nini Kanisa tangu zamani linabatiza watoto kwa maondoleo ya dhambi? Mtoto hana dhambi yake, basi lazima iwe ya mwingine. Mwaka 418 maaskofu walikutana Karthago wakaikataa njia ya Pelagio. Mimi naona walifanya vizuri kumkataa, maana mtu akijiona anaweza kujiokoa kwa bidii yake, Msalaba unabaki pambo. Lakini Agostino naye alienda mbali.

Musa: Mbali vipi?

Baba Petro, Nakuru: Alisema mtoto akifa bila ubatizo anahukumiwa, ingawa kwa adhabu nyepesi kuliko zote. Na aliandika kwamba alimwona mtoto asiyeweza bado kusema, amekunja uso kwa wivu akimtazama mwenzake anayenyonya ziwa lile lile. Kwake hiyo ilikuwa alama kwamba dhambi imo tangu mwanzo.

Musa (kwa Nyanya): Nyanya ameacha kuchambua mboga. Anasema: nimenyonyesha tisa, wawili kati yao pacha, uso ule naujua. Mtoto yule aliogopa maziwa yataisha. Ni njaa.

Baba Petro, Nakuru: Mama, hapo uko na wazee wa kanisa lako. Robert Barclay, Mskoti wa Kanisa la Marafiki, aliandika mwaka 1676 kwamba mbegu mbaya ya Adamu ipo kwa kila mtu, ila mtoto hahesabiwi mpaka aifanye yake kwa kutenda mwenyewe.

Faith: Saa hii amelala kifuani. Amekishika kidole changu kimoja, kucha zake ni kama punje za mtama. Nikisoma neno hatia humu ndani namtazama, halafu nashindwa kuendelea.

Senje Debora: *Ujumbe huu umefutwa*

Mama Zawadi: Nimesoma yote. Sikutaka kuandika. Wengi hapa hamjui kwamba kabla ya Zawadi nilizaa mvulana, Agosti 1991. Aliishi siku tatu. Mimi nilikuwa ninavuja damu, sikuweza hata kukaa. Katekista mmoja alikuja akaniambia kwamba hakubatizwa, kwa hiyo hakuna misa, na Mungu hatamwona kamwe, atakaa mahali pa giza lisilo na maumivu. Alisema lisilo na maumivu kama vile ananifariji. Wakamchukua, wakamzika, sikuonyeshwa wapi. Miaka yote hii nikisikia watu wakisoma "waacheni watoto wadogo waje kwangu," natoka nje ya kanisa kidogo.

Faith: Mama mkubwa. Sikujua. Pole sana.

Ouma (Baba Toto): Mama, nisamehe, ninakuandikia kama mwanao. Uliyoambiwa hayakuwa imani ya Kanisa. Ile limbo, yaani mahali pa watoto wasiobatizwa, waliihubiri wengi, lakini haikuwahi kuwa fundisho la lazima. Katekisimu inasema watoto waliokufa bila ubatizo Kanisa linawakabidhi kwa huruma ya Mungu, na inataja maneno hayo hayo ya Yesu kuhusu watoto. Mwaka 2007 tume ya wanateolojia ya Vatikano ilitoa waraka, Papa Benedikto wa 16 akiwa ameukubali, ikisema kuna sababu nzito za kutumaini kwamba wameokoka. Na Misale, kitabu cha sala za Misa, ina sala za mazishi ya mtoto aliyekufa kabla ya kubatizwa. Misa ilikuwepo, Mama. Mlinyimwa. Nitaongea na padri kesho. Ukikubali, baada ya Jumapili tuje naye nyumbani.

Mama Zawadi: Hata baada ya miaka hii yote?

Ouma (Baba Toto): Hata sasa.

Senje Debora: Wifi, nilikuwa nimeandika aya nyingine za kubishana, nimezifuta. Msimamo wangu kuhusu maji ni ule ule. Kwamba kijana wako hakuwa na hatia yoyote, hilo nililiamini jana na nitaliamini kesho. Nitakuwepo siku hiyo.

Musa (kwa Nyanya): Nyanya anataka niandike polepole. Anasema: mwanangu, usiku ule nilikaa na mtoto magotini hadi jogoo wa kwanza. Sikuimba, sikupaza sauti. Kwetu kimya ni sala. Nilidhani unajua nilikuwa naomba.

Mama Zawadi: Sikujua, mama. Asante.

*Saa tano na dakika arobaini usiku*

Baba Musa, Kaimosi: Shemeji, huwa siandiki humu. Kaburi nililichimba mimi. Ukitoka mlango wa nyuma wa nyumba ya zamani, upite mti wa parachichi, uhesabu hatua tisa kuelekea kisimani. Niliweka jiwe la mto, limezama ila bado lipo, huwa nalizunguka nikilima. Jumamosi nitapapalilia.