Bufee ya harusi, wageni 300: tupange vipi watu wasiharishe wala kugombania kuku?

mjumbe_wa_kamati

Wakuu, habari za humu. Kuna harusi ya wageni 300, ukumbi uko Dar, kadi inasema saa 12 jioni. Chakula kinapikwa nyumbani kwa familia na mafundi wa pilau, kisha kinapelekwa ukumbini kwa gari, dakika 40 kama hakuna foleni. Ni bufee: pilau, wali mweupe, mchuzi wa ng'ombe, kuku wa kukaanga, ndizi, maharage, kachumbari na matunda. Kamati imegawanyika. Wengine wanataka kila mgeni ajipakulie, wengine wanasema wahudumu wapakue. Nina shida mbili: tusisikie kesho yake nusu ya wageni wanaharisha, na mstari uwe wa kistaarabu, maana mnajua yanayotokea watu wakifika kwenye kuku. Naomba utaratibu wenye vipimo. "Zingatieni usafi" tumeshaambiwa.

jiko_la_sherehe

Mkuu, kabla hamjagombana nani ashike kijiko, angalieni saa. Bufee nyingi za harusi zinaharibikia kwenye ratiba. Fundi anainjika asubuhi na mapema, anaepua saa 6 mchana. Kadi inasema saa 12, maharusi wanaingia saa 2 usiku, inakuja keki, inakuja ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma), zinakuja zawadi za upande wa bibi harusi na shukrani za upande wa bwana. Mgeni anashika sahani saa 4 usiku. Hayo ni masaa kumi tangu chakula kitoke motoni.

Chakula cha moto kikae juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, cha baridi chini ya nyuzi 5. Katikati ya hapo bakteria wanazaliana, na kwa joto la Dar wanazaliana vizuri sana. Kilichopikwa kisikae katikati hapo zaidi ya masaa mawili, na hesabu inaanzia jikoni, siyo pale MC anapotangaza chakula. Nunueni kipimajoto cha sindano. Bila hicho mtabaki kugusa sufuria kwa nje na kusema "bado la moto".

Fanyeni hivi. Pilau na wali viepuliwe kati ya saa 11 na saa 12 jioni, visiwe tayari mchana. Hotipoti zimiminiwe maji yanayochemka, zifunikwe dakika 10 hadi 15, maji yamwagwe ndipo chakula kiingie kikiwa kinafuka. Zijazeni hadi juu, kwa sababu hotipoti iliyojaa nusu inapoa haraka. Kuku akaangwe mwisho kabisa. Mchuzi ubebwe kwenye sufuria na ukifika ukumbini urudishwe kwenye jiko la gesi hadi uchemke na kububujika, huku mtu anakoroga mpaka chini. Katikati ya sufuria isipungue nyuzi 70.

Yale masinia ya chuma ya bufee, yenye maji chini na kikopo cha jeli ya kuwasha moto, yanatunza joto tu. Hayapashi chakula kilichopoa. Kosa ninaloliona kila ukumbi ni kumimina maji ya bomba chini, kuwasha jeli, kisha kuweka wali wa vuguvugu juu na kutegemea utapata moto. Mimineni maji yaliyochemka, kina cha sentimita 2 hadi 3, washeni moto, funikeni, subirini dakika 20 ndipo chakula kiingie.

Kama familia inataka kupika nyama usiku wa kuamkia harusi, isiachwe kwenye sufuria lile kubwa na mfuniko juu. Sufuria la lita 50 katikati linabaki vuguvugu mpaka asubuhi. Gaweni kwenye trei pana, kina kisizidi sentimita 5, ipoe hadi nyuzi 21 ndani ya masaa mawili, kisha friji ishushe hadi nyuzi 5 ndani ya masaa manne yanayofuata. Hamna friji la kutosha? Pikeni siku hiyo hiyo.

Kiasi: mchele kilo 1 kwa watu 8, jumla kama kilo 38 kwa pilau na wali pamoja, na pilau ichukue theluthi mbili. Kuku hesabuni vipande viwili kwa kila mgeni.

afya_mazingira

Naongezea kwa nini hayo masaa yana maana, kwa sababu watu huamini kupasha moto kunaua kila kitu.

Wali na pilau vina bakteria aitwaye Bacillus cereus. Mbegu zake zinavumilia kuchemshwa, zikipata wali wa vuguvugu zinaamka, na sumu ya kutapisha anayoiacha haivunjwi na moto wa jikoni. Mtu anatapika ndani ya saa 1 hadi 6. Mchuzi mzito wa nyama uliopoa polepole ndiyo makazi ya Clostridium perfringens: tumbo kunyonga na kuharisha saa 6 hadi 24 baadaye. Staphylococcus anatoka puani na kwenye vidonda vya mikono ya mpishi au mpakuaji, na sumu yake nayo haiogopi moto. Kwa hiyo mwenye kidonda kidoleni asiguse chakula. Afunge plasta, avae glavu juu yake, na bora apewe kazi ya vinywaji.

Kachumbari ndiyo naiogopa kuliko kuku, kwa sababu haipiti motoni. Nyanya na matango yaoshwe yakiwa mazima kwa maji salama, kibao na kisu visiwe vilivyokata nyama mbichi, ikatwe mwisho na ikae kwenye deli lenye barafu. Ndimu na siki zinaongeza ladha, haziifanyi kuwa salama. Mlipuko wa kipindupindu ulioanzia Dar Agosti 2015 unapaswa kumkumbusha kila mwenye sherehe kwamba maji ya kuoshea mboga na maji ya kutengenezea barafu ni chakula pia. Matunda vilevile: tikiti lioshwe ganda kabla ya kisu kupita, maana kisu kinapeleka uchafu wa ganda ndani.

Sasa vijiko. Mwaka 2020 shirika la utangazaji la Japani, NHK, lilifanya jaribio na wataalamu: watu 10 kwenye bufee, mmoja amepakwa mikononi rangi inayoonekana kwenye taa maalumu. Ndani ya dakika 30 rangi ilikuwa imewafikia wote, na watatu walikuwa nayo usoni. Ilipita kwenye mpini wa kijiko, kwenye vibanio, kwenye mdomo wa jagi. Hakuna aliyekula ovyo wala kupiga chafya. Waliporudia kwa vibanio kubadilishwa mara kwa mara na mikono kuoshwa, hakuna uso uliopata rangi.

Maana yake kwenu: wageni wanawe kabla ya kushika sahani, sio baada ya kupakua. Wekeni ndoo zenye bomba mwanzoni mwa mstari, sabuni ya maji, na karatasi za kukaushia. Kitambaa kimoja cha kufutia mikono 300 ni bora kisiwepo. Maji yatiririke, beseni la kuchovya mikono kwa zamu linasambaza tu. Kitakasa mikono kisiwe mbadala, kwa sababu virusi vya noro, vinavyoleta kutapika na kuharisha kwa wengi kwa mkupuo, havisumbuliwi sana na spiriti. Vijiko vyote vya kupakulia vibadilishwe kila nusu saa, na papo hapo kikianguka au mpini ukizama.

mshehereshaji_mstaafu

Upande wa mstari. Mstari mmoja wa upande mmoja usizidi watu 100. Kwa 300, wekeni meza mbili ndefu zinazopakuliwa pande zote, mtapata mistari minne, watu 75 kila mmoja. Meza zisiegemee ukuta. Mpangilio: sahani, wali, pilau, ndizi, maharage, mchuzi, kachumbari, na kuku mwisho kabisa. Kuku akitangulia, mtu anajaza vipande, kisha anamwaga wali juu kuvifunika. Akiwa mwisho, sahani imeshajaa na mhudumu yupo.

Kwa hiyo jibu langu kwenye ugomvi wa kamati ni nusu kwa nusu: wali, ndizi na mboga wageni wajipakulie, nyama na kuku wapakue wahudumu. Mhudumu aambiwe idadi mapema na asiulize "nikuongeze?" Anaweka vipande viwili, anatabasamu, anaangalia mgeni anayefuata. Mkiwa na wahudumu wa kutosha, vyote wapakue wao.

MC aite meza kwa meza, na asiite meza ya tatu kabla mkia wa ya kwanza haujafika katikati. Wazee, wajawazito na wenye watoto wadogo wapelekewe mezani. Watoto wasipange mstari peke yao: kimo chao kinaweka pua sawasawa na sinia, na mkono haufiki kwenye kijiko mpaka waegemee. Mpiga picha naye asiiname na kamera juu ya wali.

Adabu ambazo MC azitaje kwa utani kidogo kabla ya kufungua: kijiko cha maharage kibaki kwenye maharage, usionje ukiwa kwenye mstari, usichambue nyama kutafuta ya mnofu, chukua kilicho mbele, simu mfukoni, ukikohoa geuka ufunike kwa kiwiko, na usirudishe kipande ulichokwisha kuweka kwenye sahani. Raundi ya pili chukua sahani safi. Ile uliyokwisha kuitumia inagusana na upawa, na upawa unarudi kwenye sufuria ya wote.

Tena hili la raundi ya pili kwa sisi tunaokula pilau kwa mkono: vidole vina mafuta, mgeni anashika mpini, mpini unateleza na kuingia mzima kwenye mchuzi, kisha anautoa kwa vidole. Anawe kwanza, au mhudumu ampakulie.

mtu_wa_unguja

Nyote mmesema vyema, ila mie naona mnatatua tatizo mlilolileta wenyewe. Sinia moja la pilau kwa watu wanne au watano, mtu anapita na birika na sabuni akiwanawisha palepale walipokaa, kila mtu anakula mbele yake. Hata kama mmoja ana maradhi, atawagusa wanne. Bufee kijiko kimoja kinashikwa na mikono mia.

mshehereshaji_mstaafu

@mtu_wa_unguja hesabu yako ni sahihi, lakini hao wanne wanaguswa sawasawa: vidole vinakwenda mdomoni na kurudi kwenye sinia. Na ukumbi wenye wageni wa kazini wasiojuana, nusu watakaa na njaa kwa aibu.

jiko_la_sherehe

Vijiko viwe virefu. Sinia la kawaida la bufee ni sentimita 53 kwa 32, kwa hiyo kijiko cha sentimita 20 kitazama tu. Chukueni cha 35 na kuendelea, na kila chakula kiwe na kisahani chake cha kukilaza. Kikilazwa kwenye kitambaa cha meza mmekipangusa kwenye mikono ya watu wote walioegemea hapo.

Na msiongezee chakula kipya juu ya cha zamani. Sinia likibaki robo, liondolewe zima, liletwe jingine limejaa. Ukimwaga wali mpya juu, ule wa chini unaendelea kukaa hapo tangu mwanzo hadi mwisho na hakuna anayejua umri wake.

dada_wa_itifaki

Hamjagusa jambo moja: kama kuna kitimoto (nyama ya nguruwe), isiwe kwenye meza hizo hata kidogo. Meza yake mbali, mhudumu wake, vijiko vyake, sahani zake, na maandishi makubwa yanayosomeka kabla mtu hajafika. Kijiko kimoja kikihama kutoka huko kwenda kwenye wali, umewanyima chakula Waislamu na Wasabato wote ukumbini, na wengi hawatasema, wataacha tu kula. Karanga vilevile: mboga yenye karanga iandikwe, kuna watu inawafunga koo.

Kuhusu ndafu na keki: ule utaratibu wa kulishana kwa kijiti kimoja midomo ishirini uacheni. Kila kipande na kijiti chake. Anayekata ndafu anawe mbele ya watu na avae glavu mpya, na glavu hiyo isishike kipaza sauti wala bahasha za zawadi.

mjumbe_wa_kamati

Asanteni sana, nimeichapisha na kuipeleka kwenye kundi la kamati. Mawili yamebaki. Makombo tufanye nini, maana shangazi zetu wanakuja na vyombo vya kufungashia? Na vikopo vya jeli tununue vingapi?

afya_mazingira

Kilichokaa mezani wazi kikipuliziwa na watu 300 kisifungashwe. Kinachoruhusiwa ni kile ambacho hakikutoka jikoni na bado kina nyuzi 60. Fungashieni hicho kwenye vyombo vidogo, waambieni kiingie kwenye friji usiku huohuo na kipashwe mara moja tu. Mkitangaza mapema kwamba kuna fungu la shangazi jikoni, hawatavamia masinia.

jiko_la_sherehe

Vyakula vya moto ni sita, meza mbili, kwa hiyo masinia 12, na kila sinia kubwa linataka vikopo viwili: 24. Kikopo cha gramu 200 kinawaka kama masaa mawili, na mkiwahi ratiba kitatosha. Nunueni 30 kwa tahadhari. Kikizimika msimimine jeli kwenye kikopo kilicho moto, kwa sababu mwali wake mara nyingi hauonekani kwenye mwanga wa ukumbi na unaweza kumrukia anayemimina. Kizimeni kwa kukifunika mfuniko wake, kitoeni kwa kibanio, wekeni kipya. Na mwekeni mtu mmoja kazi hiyo tu, asiwe na nyingine.