Wanaotunga vitabu vipya vya watoto, wazo huwa wanalitoa wapi?

BabaNasra
Habarini wadau. Nina binti yuko darasa la pili, anasoma balaa, vile vya sungura na fisi kashavimaliza vyote, sasa hivi ukimpa kingine anakwambia sungura atashinda kabla hata hajafungua. Nimepata wazimu wa kutaka kumuandikia mwenyewe, na kikitoka vizuri wasome na wengine, ila kila nikishika kalamu kinachokuja ni "hapo zamani kulikuwa na mtoto mtiifu akafaulu mtihani", yaani nachoka mimi kabla mtoto hajachoka. Hawa wanaotoa vitabu vya watoto vikapendwa, wazo wanalipata wapi? Nataka majibu ya watu wanaojua, siyo "muombe Mungu utafunuliwa".

Mtwapa_Mmoja
Hahaa mtoto mtiifu kaniua mbavu. Bwana, sisi huku Mombasa tunao mfano wa karibu, ile habari ya kiboko na kobe wa Haller Park, hifadhi ya wanyama pale Bamburi. Mafuriko ya mto Sabaki yalimsukuma kiboko mtoto mpaka baharini kule Malindi, Desemba 2004, na tsunami nayo ikapiga, akabaki peke yake kwenye mwamba wa matumbawe mpaka watu wakamtoa kwa nyavu za kuvulia. Wakamwita Owen, jina la mmoja wa waliomkamata. Kuletwa Haller Park tu akakimbia kujificha nyuma ya kobe mkubwa wa Aldabra, jina lake Mzee, umri walimkadiria miaka 130 hivi. Mzee mwanzo hakutaka, anamfokea, anajikokota aende zake, kiboko yuko nyuma yake, huku na huku wakaishia kula pamoja na kulala pamoja. Na Mzee ni dume, hayo ya "mama kobe" watu walijitilia chumvi wenyewe.

Sasa kitabu kilianzaje. Picha yao aliyopiga Peter Greste ilizunguka dunia, mtoto wa miaka 6 Marekani, Isabella Hatkoff, akaiona, akamwambia babake tuandike. Wakaandika na Dkt. Paula Kahumbu wa hapa kwetu Kenya, kikatoka 2006. Watu wazima wangapi waliiona picha ile ile wakafunua ukurasa wa michezo? Mtoto ndiye aliyejua pale pana hadithi.

Mzee_wa_Kariakoo
Mimi niko kwenye biashara ya vitabu, wacha niseme ukweli mchungu. Wazo siyo tatizo, mnunuzi ndiye tatizo. Mzazi akija dukani swali la kwanza "kinafundisha nini?", la pili "kuna mazoezi mwishoni?". Kiboko kulala na kobe hakuna mazoezi hapo. Andika funzo ndugu yangu, uuze.

kalamu_ya_nai
@Mzee_wa_Kariakoo hapana, funzo likitangulia mtoto analinusa kutoka mbali. Angalia mwigizaji Lupita Nyong'o na kitabu chake Sulwe, kile kitabu kiko na funzo kubwa sana ya ngozi nyeusi lakini hakuanzia hapo. 2014 alitoa hotuba kwa sherehe ya jarida la Essence kule Hollywood, akasoma barua ya msichana mmoja mweusi aliyekuwa karibu kununua krimu ya kujichubua, kisha akasema na yeye akiwa mdogo alikuwa anamwomba Mungu aamke akiwa mweupe. Kitabu kikatoka 2019, michoro ya Vashti Harrison. Ndani yake mtoto anajisugua na raba ya kufutia penseli ndio weusi utoke!! Anakula vyakula vyeupe vyeupe. Hiyo ya raba mtu akiketi chini aandike "somo: jipende" hawezi kuipata hata akae mwaka, inatoka kwa mtu anakumbuka vile kuwa mtoto kulikuwa kunauma. Na kimetolewa kwa Kiswahili na Kijaluo pia, binti yako anaweza kukisoma.

Mhariri_Mchovu
Nimehariri vya watoto muda mrefu, nakubaliana na kalamu_ya_nai kwa asilimia kubwa, ila Mzee wa Kariakoo naye asipuuzwe, ukitaka kiingie shuleni lazima kipite Taasisi ya Elimu Tanzania, Kenya ni KICD, taasisi yao ya mitaala, na huko wataangalia maadili na lugha. Lakini miswada mingi inayokuja mezani ni hotuba ya mwalimu wa zamu imevalishwa masikio ya sungura.

BabaNasra, sikiliza maswali ya huyo binti, hasa yale unayomjibu "nyamaza kwanza". Hapo ndipo pa kuanzia. Halafu jua kitabu cha picha kwa kawaida ni kurasa 32, maneno machache sana kuliko unavyodhani, kama mchoro unaonyesha mvua usiandike mvua inanyesha. Ukimaliza wasomee watoto ambao siyo wako, wako atakusifia. Watakapoanza kuchezea viatu vyao weka alama hapo, kata. Kama huna hela ya kuchapa kuna African Storybook, unaweka hadithi yako bure, leseni huria, na walimu wanaitumia kwa Kiswahili na lugha nyingine kibao. Hulipwi, lakini unasomwa.

BabaNasra
Asanteni sana. Swali lake la juzi kwenye daladala, aliuliza kwa sauti watu wote wakasikia, "baba kwa nini konda hana kiti chake?" Nikamwambia nyamaza, kama alivyosema Mhariri 😅. Nimejaribu kuanzia hapo, konda anatafuta kiti gari nzima kutoka Mbagala mpaka Makumbusho, kila akikaribia kukaa anapanda mtu.

Mtwapa_Mmoja
Hiyo nainunua mimi. Huku kwetu mfanye makanga wa matatu, ananing'inia mlangoni.

Mhariri_Mchovu
Anayepanda kila mara awe tofauti, mama na kuku, fundi na mlango wa mbao, mchoraji apate kazi. Na usiharakishe kumpa kiti.

Mzee_wa_Kariakoo
Na anafundisha nini huyo konda?
Haya, kikitoka niletee nakala kumi tuone, ila jalada liwe na rangi, siyo lile la kijivu mnalolipenda.