Tupeane uzoefu: malazi ukiwa volontia wa uhifadhi

#1
Wadau salaam. Wanaotaka kwenda kujitolea porini huwa wanauliza wanyama tu, kumbe kinachowarudisha wengi nyumbani mapema ni pa kulala. Mliowahi kukaa kambini, iwe kupanda miti, kuhesabu ndege, chochote, mwagikeni hapa. Mi naanza: tulikuwa kwenye mahema, na baridi yenyewe inatoka chini, ardhi inanyonya joto la mwili usiku kucha, kwa hiyo bora godoro la sponji kuliko blanketi la pili. Na msifunge hema lote, pumzi zenu zinageuka maji, mnaamka mmelowa.

#2
Unyevu, mkuu, hapo umegusa penyewe! Sisi tulikuwa tunang'oa magugu maji bwawani, tunarudi tumelowa chapachapa na pa kuanika hakuna. Nikatenga seti moja kavu ya kulalia tu, haiguswi mchana hata iweje, asubuhi navaa zile mbichi huku meno yanagongana. Viatu navyo mvikung'ute kwanza, nge wanapenda sana humo.

#3
Mi nilikuwa kwa kasa 😄 Usiku ufukweni taa nyeupe marufuku, inawapoteza, basi hata kambini ni taa nyekundu tu, unatafuta mswaki kama mwizi. Doria ni usiku kwa hiyo unalala mchana, na hema likipigwa jua halikaliki, ulizieni kivuli kabla ya godoro.

#4
Kwenye mbung'o msiende na nguo za bluu wala nyeusi, zinawavuta, hata mitego ya kuwanasa inashonwa kwa vitambaa vya rangi hizo.

#5
Mbona mnakwepa choo jamani? Chetu kilikuwa cha mboji, ukimaliza unamwaga maranda badala ya maji, na kikitumiwa vizuri hakinuki, ila kuna watu lazima wamwage maji humo, zamu yako ya usafi ikifika ndo unawachukia wote. Maji ya mto tulichemsha yanatokota dakika 1 nzima, mkiwa juu ya mita 2,000 fanyeni 3.

#6
Nataka kwenda ila ni mdada, vyumba vya kuchanganyika vipo?

#5
Vipo dada, tena vingi. Muulize mratibu kwa maandishi kabla hujalipa chochote, na umwombe picha za chumba na bafu za sasa hivi, sio zile za tangazo.