Shule inampa mtoto alama kwa kulaiki na kushea: wazazi wa Nakuru, hili tulilikubali lini?

Wazazi wenzangu, na walimu mlioko humu, nina hasira na sitaificha.

Shule anakosoma binti yangu ni ya kutwa, iko hapa hapa Nakuru. Sitaitaja jina kwa sababu binti yuko kidato cha tatu na sitaki aandamwe kwa maneno ya mama yake. Tangu muhula huu uanze wameleta programu ya simu, wanasema ni ya kuwatia wanafunzi motisha. Mtoto anaingia kwa nambari yake ya usajili, anajibu maswali, anapata alama. Akijibu haraka anaongezewa. Akiingia kila siku bila kukosa anawashiwa kamoto kando ya jina lake, na akikosa siku moja tu kamoto kanazimika, anaanza upya na sufuri. Kuna beji za shaba, za fedha na za dhahabu.

Mpaka hapo ningevumilia. Kilichonipandisha mori ni kwamba mwanafunzi anapewa alama akifuata ukurasa wa shule wa Facebook. Akilaiki, alama. Akishea, alama zaidi. Akirekodi video ya TikTok akiwa na sare, akiisifu shule, anapata nyingi kuliko alizopata kwa kujibu maswali ya hisabati wiki nzima. Halafu Ijumaa jioni orodha inabandikwa kwenye ukurasa huo huo, majina kamili na darasa, kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Kumi bora wanawekewa picha zao. Kumi wa mwisho wanawekewa kipicha cha konokono kando ya jina. Mtoto wa mtu, jina la ukoo wake, limeanikwa hadharani na konokono, na watu wasiomjua wanaweka vicheko chini yake.

Na hao wa mwisho ni nani? Wengi nawajua, ni watoto wa mitaa yetu, Kaptembwo na Rhonda. Nyumba nzima ina simu moja, mulika mwizi, ile ndogo isiyo na intaneti. Au simu ya intaneti ipo, lakini ni ya baba, na baba ni mtu wa boda, anarudi saa nne usiku betri ikiwa imeisha. Kuna msichana jirani yangu, mwaka jana alifunga darasa akiwa miongoni mwa watano wa kwanza. Mama yake anauza mboga, hana simu ya intaneti na wala hana deni na mtu kwa kutokuwa nayo. Leo mtoto huyo ni konokono. Amejificha nyumbani Jumatatu mbili akisema tumbo linamuuma.

Hizo si alama za masomo. Wanapima simu ya mzazi na bando la mzazi, kisha wanaandika jina la mtoto.

Nasema haya nikijua ninachosema, kwa sababu nina saiba, duka la kompyuta na intaneti ya kulipia. Kuanzia saa kumi na moja jioni sare zinajaa pale kwangu, shilingi moja kwa dakika. Pesa hiyo inaingia mfukoni mwangu na bado nasema jambo hili ni baya. Nawaona wakifanya. Kijana mmoja wa kidato cha tatu alikuwa anabonyeza jibu la kwanza, la kwanza, la kwanza, bila hata kuinua macho kwenye swali. Lilikuwa swali la moli, ile mada ya kemia inayowatesa wote. Nikamuuliza, hilo swali lilikuwa linataka nini? Akanijibu bila aibu yoyote, "Aunti, sijalisoma. Nikisoma nachelewa, nikichelewa napata kidogo." Akalipa shilingi tano akaenda zake, kamoto kake kakiwa kamewaka.

Huyo hakudanganya mtu. Amefanya hasa kile ambacho programu inamlipa afanye.

Mwingine ana nywila za wenzake sita au saba, anawapigia maswali yao kwa shilingi ishirini kila mmoja. Wawili kati ya wateja wake wametokea kwenye kumi bora na picha. Na wasichana wanakuja saa moja na nusu usiku, peke yao, kuokoa ule moto usizimike. Nyinyi mnaojua barabara zetu baada ya giza, niambieni kama kuna beji ya thamani hiyo. Nimeanza kuwafukuza saa kumi na mbili na nusu ikifika. Wananichukia kwa hilo, na wachukie tu.

Halafu kanuni ya shule hiyo hiyo iko wazi: mwanafunzi akipatikana na simu, inachukuliwa na mzazi anaitwa. Kwa hiyo kazi hii yote imesukumwa nje ya lango, ije kufanyika nyumbani usiku, kwa gharama yangu na yako. Shule ina maabara ya kompyuta. Imefungwa kwa kufuli.

Nilienda kumwona naibu wa mwalimu mkuu. Alinipokea vizuri, sina neno na adabu yake. Akaniambia, "Mama, dunia imebadilika. Watoto wako kwenye mitandao, lazima tuwafuate huko huko." Nikamuuliza, kushea tangazo la shule kunamfundisha mtoto somo gani? Hakuwa na jibu. Jibu ninalo mimi. Kwa hesabu ya serikali, shule inatakiwa kupewa shilingi 22,244 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa. Idadi ikipanda, pesa inapanda, na sasa watoto wa gredi ya tisa wanajichagulia shule ya kwenda gredi ya kumi, mwanzo wa sekondari ya juu. Watoto wetu wamefanywa watu wa matangazo, wanalipwa kwa beji, na bando ni letu.

Sasa nije kwa linaloniuma zaidi ya yote, yaani binti yangu mwenyewe. Yeye si konokono, yuko katikati ya orodha, saiba ni ya mama yake. Lakini huyu ni mtoto aliyekuwa amechora jedwali la elementi nyuma ya kalenda ya duka na kulibandika ukutani, bila kuambiwa na mtu. Alikuwa ananikatiza nikipika aniambie kwa nini jiko la mkaa linaua watu wakifunga madirisha. Juzi nilimpa karatasi ya kemia ya miaka iliyopita, mteja aliichapisha akaiacha. Akaitazama, akaniuliza: "Hii ina alama?" Nikamwambia haina. Akairudisha mezani.

Walioleta programu hii hawawezi kusema hawakuonywa. Mwaka 1973 watafiti watatu wa Marekani, Lepper, Greene na Nisbett, walichukua watoto wadogo waliokuwa wanapenda kuchora kwa kalamu za rangi. Kundi moja liliahidiwa cheti likichora. Siku zilipopita na vyeti vikaondolewa, hao walioahidiwa cheti ndio waliozigusa kalamu kidogo kuliko wenzao. Waliopewa cheti cha ghafla, bila kuahidiwa, hawakupungukiwa hamu. Na kama mnasema hayo ni ya watoto wa chekechea, mwaka 2015 Hanus na Fox walichapisha utafiti wa wanafunzi wa chuo kikuu. Darasa moja lilisoma kozi ikiwa na beji na orodha ya washindi, lingine likasoma kozi ile ile bila hayo. Kadiri muhula ulivyosonga, wenye beji ndio walioshuka motisha, na kupitia kushuka huko hata mtihani wao wa mwisho ukawa chini. Haya yote yako kwenye intaneti, nimeyasoma nikiwa nimekaa kwenye kaunta yangu. Wenye shahada za ualimu wameshindwa kuyasoma?

Asiniambie mtu kwamba napinga michezo darasani. Mwalimu wa hisabati aliyewafundisha kidato cha pili, ambaye sasa amehamishwa, alikuwa na mchezo wake na ulikuwa mzuri mno. Anawagawa vikundi vya watu watano, wenye nguvu na wanaosumbuka pamoja. Kikundi kinatatua swali, halafu anachomoa jina moja kwenye kopo, na huyo aliyechomolewa ndiye anayeenda ubaoni kueleza. Akishindwa kueleza, kikundi kizima hakipati kitu. Basi walio mbele walilazimika kuwafundisha walio nyuma mpaka waelewe, maana hakuna aliyejua nani ataitwa. Binti alikuwa anakuja nyumbani sauti imekauka kwa kubishana. Haikuhitaji bando, wala hakuna jina lililotoka nje ya darasa lile. Tamasha la muziki, michezo ya kuigiza, maonyesho ya sayansi, haya tumeyakuta na yamewatia watoto hamu miaka yote, kwa sababu mtoto anasimama na wenzake na kuna kitu amekijua kweli.

Na kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kifungu cha 33, inasema data ya mtoto haishughulikiwi bila idhini ya mzazi au mlezi, na ni lazima iwe kwa manufaa ya mtoto. Mimi sikutia sahihi popote. Uliza mzazi yeyote wa darasa lile, hakuna aliyeulizwa. Mwaka 2023 Kamishna wa Data, anayesimamia sheria hiyo, aliitoza shule moja Nairobi shilingi 4,550,000 kwa kuweka mtandaoni picha za watoto bila idhini ya wazazi. Hiyo ilikuwa picha tu. Sisi tuna picha, majina, madarasa, alama na konokono.

Ninachotaka hakina utata. Orodha zote za Ijumaa zitolewe kwenye ukurasa, za nyuma pia. Alama za kulaiki, kushea na TikTok zifutwe kabisa. Anayetaka maswali ya kompyuta afungue ile maabara saa za masomo, watoto wote waingie, wenye simu na wasio nazo. Na wale kumi wa konokono waombwe radhi, mmoja mmoja, si kwa tangazo.

NYONGEZA: Nimesoma majibu yenu yote. Aliyeandika kwamba "maisha ni mashindano, wazoee mapema", nakuuliza: mashindano gani ambayo mmoja anakimbia na mwingine amefungiwa nje ya uwanja? Mtoto wa muuza mboga hakushindwa. Hakuruhusiwa kuanza.

Kuna mwalimu ameniandikia kando kwamba na wao wamepewa malengo ya wafuasi wa ukurasa, kila mwalimu wa darasa na idadi yake, na anayekosa anaulizwa kikaoni. Mwalimu, pole sana, na asante kwa kusema. Hasira yangu haiko kwako.

Kuna aliyesema nimtoe tu binti yangu kwenye programu nikae kimya. Nimeshamtoa. Na yule wa jirani atatolewa na nani?

Wanaouliza tufanye nini: barua kwa mwalimu mkuu nimeshaiandika, nakala kwa chama cha wazazi na kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti. Nitaichapisha bure pale saiba kwa mzazi yeyote anayetaka kutia sahihi, na asiyejua kuandika tutamsomea aweke kidole. Malalamiko kwa Kamishna wa Data yanapelekwa mtandaoni, nitawajazia fomu, msilete hata shilingi. Mkutano wa wazazi wa kidato cha tatu ni Jumamosi saa tatu asubuhi. Wenye skrinishoti za orodha za Ijumaa, zihifadhini kabla hawajazifuta, fichani majina ya watoto, kisha nitumieni kwa ujumbe wa siri. Msizibandike hapa.